Ng'ombe wa Siku ya Wageni

Kila Jumamosi Jeska aliporudi kutoka masomoni Mutoyi alikuja na neno jipya, na kila neno jipya lilimsumbua baba yake kama kokoto ndani ya kiatu. Wiki ya kwanza alikuja na "malengo". Wiki ya pili alikuja na "nguvu zangu na udhaifu wangu", akaviandika kwenye karatasi, safu huku na safu huku, akaibandika ukutani juu ya kitanda chake kwa uji wa muhogo. Wiki ya tatu hakuja na neno, alikuja na macho. Gervasi alimwuliza kama maji yameletwa, na binti akamtazama usoni moja kwa moja, bila kuinamisha kichwa, akajibu, "Yameletwa, baba."

"Nani kakufundisha kumtazama mzazi hivyo?"

"Madamu Kadidja. Anasema mbele ya kamati ukitazama chini watafikiri unaficha kitu."

"Mimi nimekuwa kamati lini?"

"Nafanya mazoezi tu, baba."

Anisia, mama yake, alicheka huko jikoni mpaka moshi ukampalia. Gervasi hakucheka. Lakini kesho yake, akipalilia maharage, alijikuta anamsimulia jirani habari za macho hayo, wala hakuweza kuficha kwamba anajivuna.

Huyo Madamu Kadidja alikuwa mwanamke wa Muyinga, mtoto wa fundi cherehani, aliyelala chumba kimoja na ndugu saba mpaka msaada wa masomo ulipomtoa. Sasa alifanya kazi kwenye mradi ulioitwa Hatua, wenye ofisi yake Muyinga mjini, na kila Jumamosi alikuja mpaka huku kwenye vilima vya Bugendana kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari mambo ambayo shule haikuwafundisha: namna ya kuchagua kazi, namna ya kuandika barua ya kujieleza, namna ya kuzungumza na mtu mwenye cheo bila kutetemeka. Wanafunzi walikuwa arobaini. Mwisho wa mwaka wawili kati yao wangelipiwa chuo kikuu, kuanzia ada hadi sabuni.

Mwanzoni Jeska alisema anataka kuwa muuguzi, kwa sababu muuguzi ndiye mwanamke pekee mwenye mshahara aliyewahi kumwona kwa karibu. Kadidja akamwuliza, "Bon, na we unapenda kushika wagonjwa?" Jeska akafikiri, akasema hapendi. Alichopenda ni ile darubini ya zahanati inayoonyesha vijidudu vya malaria ndani ya tone la damu. Aliruhusiwa kuchungulia mara moja tu, akiwa na miaka kumi na miwili.

"Alors, hiyo kazi iko na jina," Kadidja alimwambia. "Ni ya maabara. Inasomewa miaka minne. Sema kwa sauti: mi nataka kuwa mtu wa maabara."

Jeska akasema, na tangu siku ile hakusema kitu kingine.

Gervasi alikuwa mtu wa kujiheshimu. Mwaka wa sabini na mbili, wakati wa mauaji, alivushwa mpaka wa nchi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia Katumba, Tanzania, katika mashamba ya tumbaku. Kusoma alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni la watu wazima, mikono ikinuka tumbaku, na cheti cha darasa lile alikitunza ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na picha ya harusi. Aliporudi Burundi mwaka elfu mbili na tisa, na Jeska akiwa na miaka mitatu, alikuta shamba la marehemu baba yake, Eliud, lina mwenyewe.

Mwenyewe huyo aliitwa Bonifasi. Hakuwa mwizi. Alipewa shamba na serikali ya zamani akiwa kijana, akapewa na karatasi, akapanda kahawa, akazika wazazi wake humo humo. Gervasi naye hakuwa mwongo. Tume ya ardhi ilikuja ikasikiliza, ikaondoka. Kesi ikaenda mahakamani, ikalala huko. Wazee wa kilima walimwomba Bonifasi amwachie huyu aliyerudi kipande cha chini, kule ambako ardhi inateremka kuelekea korongoni na mvua hubeba mbegu. Hapo Gervasi akajenga. Kwa miaka kumi na mitano wanaume hao wawili walisalimiana njiani bila kusimama, na kilimani nyumba ya Gervasi ikaitwa kwa Mtanzania.

Mwezi wa tano Kadidja alipiga simu. Jeska alikuwa amebaki katika watano wa mwisho, na alikuwa anaongoza. Kilichobaki ni kuja kuona nyumbani kwao.

"Papa Jeska, mi naomba kitu kimoja tu," alisema. "Msiongeze, msipunguze. Tunakuja kuona vile mnaishi. Fomu iko na maswali yake: paa, shamba, mifugo, watu wanalala wangapi chumba kimoja. Mkiazima vitu vya watu mnajiumiza wenyewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Alielewa kweli. Aliyeona taabu kuelewa ni Anisia.

"Wageni watakaa wapi? Juu ya jembe?"

"Watakaa kwenye benchi."

"Benchi lina mguu mmoja wa matofali."

"Basi watakaa juu ya miguu mitatu na matofali. Ndivyo tunavyoishi."

"Na chai? Vikombe viwili, kimoja hakina mkono. Nikaombe kwa mke wa katekista tu, baba Jeska. Vikombe vinne."

"Mama, usiazime," Jeska alisema. "Hata kijiko."

Anisia akaenda kusiliba sakafu, kwa sababu hakuna fomu inayoweza kumkataza mwanamke kusiliba sakafu yake. Lakini jambo hilo lilimuuma Gervasi pia. Asubuhi ya siku yenyewe alizunguka nyumba peke yake na kuitazama kwa macho ya mgeni: ukuta uliobabuka upande wa mvua, bati kuukuu lililokandamizwa kwa mawe, nyasi upande wa pili. Miaka yote alikuwa amefanya bidii mtu asiyaone mambo haya. Leo ilimpasa aombe yaonekane vizuri.

Wageni walichelewa kwa saa mbili. Mafuta ya gari yalikuwa hayapatikani, wakaacha gari Bugendana na kuja kwa miguu. Kadidja alikuwa na vumbi mpaka kwenye ukingo wa hijabu. Aliyefuatana naye alikuwa kijana mwembamba aitwaye Faridi, karani wa mradi, aliyejaza majibu kwenye tableti.

"Paa ni bati au nyasi?" Faridi aliuliza.

"Nusu kwa nusu. Kama ndoa mpya," Gervasi alisema, na Kadidja akacheka.

"Shamba?"

"Hili unaloliona, mpaka korongoni. Lingine liko mahakamani."

"Hilo la mahakamani hatuliandiki. Mifugo?"

"Kuku watatu."

"Ng'ombe?"

"Hatuna."

Faridi aligusa kioo. Kadidja akamgeukia Jeska, akampa tabasamu dogo la pembeni, tabasamu la mwalimu ambaye hesabu yake imetoka. Ilibaki sahihi ya baba.

Ndipo zikasikika sauti za watu wanashuka njiani. Mbele alikuwa mkuu wa kilima, nyuma yake wazee wanne, kisha wanawake wawili wenye vyungu vya pombe ya mtama kichwani. Katikati yao alitembea Bonifasi, amevaa koti lake la kanisani, ameshika kamba, na kwenye kamba alikuwa mtamba mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, amesuguliwa mpaka anang'aa.

Bonifasi alisimama uani, akavua kofia.

"Gervasi, mwana wa Eliud," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Miaka kumi na mitano tumepita njia moja kama watu wasiojuana. Mimi magoti yamekwisha, sina mvua nyingi mbele. Nikasikia leo una wageni wakubwa kwa ajili ya binti yako, nikasema, siku ya wageni ndiyo siku ya mashahidi. Huyu ana mimba ya miezi mitano. Nimekupa. Uwe na ng'ombe, uwe na watoto."

Kwenye vilima hivi ng'ombe wa kupewa si mnyama tu. Mtu akipewa ng'ombe mbele ya watu akapiga makofi, amekuwa mtu wa yule aliyempa: hatasimama naye mahakamani, hatamsema vibaya, watoto wao watazikana. Akimkataa, amesema mbele ya kilima kizima kwamba anataka kifo cha mtoaji, na tangu siku hiyo hakuna atakayevuka ua wake hata kuomba moto. Gervasi aliyajua haya yote. Baba yake alimfundisha kule Katumba, mahali ambapo hawakuwa hata na mbuzi.

Kwa hiyo aliona mambo yote kwa wakati mmoja. Aliona shamba linamponyoka, kwa maana kumpokea ng'ombe huyu ni kuizika kesi. Aliona fomu mikononi mwa Faridi. Aliona Jeska anatikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza inzi. Kadidja hakuona kitu. Watu wa kwao ni wa sokoni, alidhani ni jirani anapita na mnyama wake, mpaka alipouona uso wa Jeska.

Maneno yalikuwepo. "Mzee, nipe mpaka kesho." Yalikuwa ulimini. Lakini angeulizwa kwa nini kesho, na ingembidi aeleze, mbele ya wazee na mkuu wa kilima, kwamba binti yake anahitaji wabaki maskini mpaka wageni waondoke. Na palikuwa na jambo jingine, ambalo baadaye hakumwambia mtu: kwa miaka kumi na mitano alikuwa Mtanzania, na sasa hivi, uani kwake, ameitwa mwana wa Eliud.

Gervasi akapiga makofi mara tatu, akainama, akashukuru kwa maneno aliyofundishwa na baba yake, moja baada ya jingine, bila kukosea hata moja.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mirija ikazamishwa kwenye vyungu. Faridi, ambaye alikuwa kijana wa adabu, alisubiri kelele zipungue.

"Samahani, papa. Huyu ng'ombe, niandike ni wenu?"

Watu wote wakanyamaza kumsikiliza.

"Ni wake," Bonifasi alijibu. "Andika. Na jina langu liandike, mimi ndiye niliyempa."

Faridi akamtazama Gervasi.

"Ni wangu," Gervasi alisema.

Kijana akarudi nyuma kwenye fomu yake, ukurasa wa mifugo.

Siku kumi baadaye simu ilikuja kwa Jeska. Aliisikiliza amesimama, akasema "Asante, Madamu", akaikata. Alikuwa ameanguka kwa alama mbili. Familia yenye ng'ombe wa maziwa ilihesabiwa kuwa inaanza kujiweza.

Hakulia. Afadhali angelia. Alikaa kwenye benchi la miguu mitatu akamwambia baba yake kwa sauti ya chini, "Ungesema kesho, baba. Neno moja tu."

Asubuhi Gervasi alivaa shati lake zuri, akaenda kwa miguu mpaka Gitega, na kesho yake akapata gari la kwenda Muyinga.

Kadidja hakumpokea ofisini. Alimchukua mpaka kibanda cha chai nyuma ya soko, akamwagizia chapati, akamwacha aseme yote. Gervasi alieleza maana ya ng'ombe, maana ya makofi, maana ya kukataa. Alipomaliza chai ilikuwa imepoa.

"Mi sikujua," Kadidja alisema. "Walahi sikujua. Kwetu ng'ombe ni nyama ya Idi. Kwa nini hukuniambia palepale?"

"Mbele ya Bonifasi?"

"Mbele ya mtoto wako, Papa Jeska. Alikuwa amesimama pale."

Gervasi akatazama chapati.

Kadidja akajifuta uso kwa ncha ya hijabu. "Bon. Sikia. Kamati inakaa tena Ijumaa ya wiki kesho. Nafasi wamempa msichana wa hapa Muyinga, anaitwa Nadia, lakini bado hajasaini. Ukileta karatasi ya yule mzee, iko na muhuri wa mkuu wa kilima, inasema ng'ombe ni wake na we unamchunga tu, mi nitaisimamia. Sikuahidi kitu. Nitaisimamia."

Bonifasi alikuwa anageuza kahawa kwenye chanja Gervasi alipomkuta. Alisikiliza akiendelea kugeuza.

"Unanirudishia ng'ombe?"

"Sirudishi, mzee. Naomba karatasi iseme ni wako, mimi umenipa kumchunga. Karatasi tu, kwa ajili ya mtoto."

"Nilikupa mbele ya kilima kizima. Sasa niandike kwamba nilikuwa nacheza?"

"Wao wanasoma karatasi, hawasomi kilima."

Bonifasi aliacha kahawa. Alikuwa mzee, lakini akili yake haikuwa imezeeka. "Wewe ulipopiga makofi, mimi nilijua kesi imekwisha. Si ndiyo? Sasa ng'ombe akiwa si wako, makofi yanakuwa ya nini? Kesi inafufuka. Nitakufa nikiwaachia wanangu kesi." Akafikiri. "Karatasi kwa karatasi, mwana wa Eliud. Andika kwamba shamba umeliacha. Nami nitaandika kwamba ng'ombe ni wangu."

Hakuwa anamkomoa. Gervasi aliona hivyo, na kuona hivyo hakukumsaidia. Alimkumbuka baba yake kwenye kitanda cha kamba kule Katumba, siku zake za mwisho, anahesabu mipaka ya shamba: kijito, jiwe la kunolea, njia ya kwenda Mutoyi, kijito, jiwe la kunolea, njia ya kwenda Mutoyi. Alimfanya Gervasi arudie mpaka akaridhika.

Waliandika kwa mkuu wa kilima. Mkuu wa kilima alipouliza nani mwenye mwandiko mzuri, ikaonekana ni Gervasi, kwa hiyo karatasi zote mbili aliziandika yeye mwenyewe, ile ya kuacha shamba na ile ya kukana ng'ombe, kwa herufi za kuegemea kulia alizofundishwa kwenye darasa la jioni. Watu waliusifu mwandiko.

"Umeuza shamba la mkwe wangu kwa karatasi," Anisia alisema alipofika nyumbani.

"Nimemnunulia Jeska miaka minne."

"Wamekuahidi?"

Akaenda kuwafungia kuku.

Ijumaa alifika Muyinga pamoja na Jeska. Kwenye ukumbi mwembamba wa ofisi palikuwa na kiti kirefu, na wameketi mtu mzima mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na msichana aliyeshika bahasha magotini. Yule mtu mzima aliposikia miguu akasimama na kumpisha Gervasi.

"Kaa, mzee mwenzangu. Mmetoka mbali?"

"Bugendana."

"Oh, huko ni mbali. Na we uko hapa kwa ajili ya mtoto?"

"Ndiyo."

"Mungu amfungulie."

"Amina," Gervasi alisema, kisha akamtazama msichana, akaelewa kwamba ndiye Nadia. Kiatu chake kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa cherehani. Jeska na yule msichana walisalimiana kwa vichwa, wakakaa kila mmoja na bahasha yake.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, na Kadidja ameketi pembeni. Mwenyekiti, mama mwenye miwani na sauti ya upole, aliziweka karatasi mbili mezani, ya Faridi na ya mkuu wa kilima, akazilinganisha muda mrefu.

"Baba, tarehe kumi na nne ulisema: ni wangu. Hapa unasema: si wangu. Siku ipi ulisema kweli?"

"Siku zote mbili, mama."

"Hilo haliwezekani."

"Kwetu linawezekana."

Alieleza tena, kama alivyoeleza kwenye kibanda cha chai, lakini safari hii maneno yalitoka makavu, na alijisikia kama mtu anayeuza kitu kibovu. Mwenyekiti alivua miwani.

"Mimi pia nimezaliwa kilimani, baba. Najua kupewa ng'ombe. Lakini kila mwaka karatasi kama hii zinafika hapa. Wako waliong'oa bati wakalificha. Wako waliohamishia mbuzi kwa shangazi. Na wote wana muhuri." Akamgeukia Kadidja. "Wewe ulikuwepo. Ulimsikia akisema ni wangu?"

"Nilimsikia," Kadidja alisema. "Lakini madamu, mi niliona vile ilikuwa. Mzee hakuwa na njia. Na mtoto ni wa kwanza kati ya wote arobaini, hilo nalo liandikwe."

"Mwenye kauli mbili tunamtoa. Sheria hiyo tuliipitisha wote, na wewe ulinyoosha mkono."

Kadidja alikuwa amenyoosha kweli.

Jeska aliomba kusema. Alisimama kama alivyofundishwa, akataja jina lake na shule yake, akasema, "Nilitaka kusoma maabara. Nawashukuru kwa zile Jumamosi. Naomba msiandike kwamba baba yangu ni mwongo." Akakaa. Mwenyekiti aliandika kitu, lakini kilikuwa nini, hawakuonyeshwa. Walipotoka, mlango ukafunguliwa kwa Nadia.

Mvua za mwaka ule zilimchukua Bonifasi. Gervasi alibeba jeneza upande wa kulia mbele, mahali pa mtu wa nyumbani, na akalia machozi ya kweli. Baada ya matanga watoto wa marehemu walishuka na karatasi. Hawakugombana naye. Walisema tu kwamba wanakusanya mali ya baba yao, na hapa imeandikwa ng'ombe ni wa baba yao, na mwandiko huu ni wa nani? Gervasi akasema ni wake. Wakamfungua ng'ombe na ndama wake. Ndama alikuwa na baka lilelile jeupe.

Jeska alikuwa ameshaondoka. Kadidja alimwombea kazi kwenye kliniki moja ya mtu binafsi Gitega, ya kufagia na kuosha vioo vya maabara. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi, akaleta sukari, akaongea na mama yake. Baba yake akimwuliza habari za kazi alijibu kwamba ni nzuri. Kama anaruhusiwa kuchungulia darubini au haruhusiwi, Gervasi alitamani kujua, na hakuuliza.

Mwezi wa tano uliofuata, Adventina, mjane wa upande wa juu, alikuja kwa Gervasi. Mwanawe alikuwa amebaki katika watano wa mwisho wa mradi. Wageni wangekuja Alhamisi. Alizunguka zunguka kwenye maneno, akasifu maharage, akauliza hali ya Anisia, mwisho akasema.

"Nina yule mmoja mwekundu. Maziwa yake ndiyo chumvi yetu, ndiyo mafuta ya taa. Si utajiri, baba Jeska, unajua mwenyewe. Kule chini kwako korongoni hakuna anayepita."

Gervasi akatazama chini korongoni.

"Na wengine wanajua umekuja?"

"Wengine wanataka kuleta ng'ombe wao pia. Hawa wenye watoto katika darasa linalofuata wanasema tuanze kuzoea kuwaficha."

Alhamisi alfajiri walimletea ng'ombe wanne. Aliwashusha korongoni, akakaa nao chini ya migomba mwitu, fimbo magotini. Juu kilimani alisikia salamu, akasikia benchi linaburutwa, akasikia sauti ya Faridi inauliza na sauti ya Adventina inajibu, ingawa maneno hayakumfikia.

Karibu saa sita mawe yaliporomoka njiani. Kadidja alikuwa anashuka peke yake, ameshika viatu mkononi. Labda alikuwa anatafuta maji ya kunawa kwa ajili ya sala. Akamwona Gervasi. Kisha akawaona ng'ombe, mmoja mmoja, mpaka wa nne.

Yule mwekundu wa Adventina alinyanyua kichwa na kulia, sauti ikagonga upande wa pili wa korongo na kurudi.

"Jeska anawasalimia," Kadidja alisema hatimaye. "Nilimwona Jumatatu. Amekonda kidogo."

"Asante, mama."

Alivaa viatu vyake polepole, kimoja kisha kingine, ameshikilia mgomba. "Mi sijapita huku, Papa Jeska."

"Hujapita."

Akapanda. Gervasi akakata majani mabichi, akampa yule mwekundu kiganjani ili anyamaze, na kwa mkono mwingine akaushika mdomo wa mnyama mpaka wageni walipoaga.